KIGAGA CHA KIDONDA KINA KAZI, USIKIBANDUE

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, wakazi wa Kicukiro, askari na raia pamoja, hutoka na majembe na mapanga kwa kazi ya umuganda. Mara nyingine panga huteleza likamkata mtu mguuni. Damu hutoka, kisha huganda, na watu hudhani shauri limekwisha. Kumbe ndani ya jeraha kazi ndiyo kwanza imeanza.

Damu inapoganda, protini iitwayo fibrini hujisuka mithili ya wavu. Mwanzoni wavu huo ni dhaifu, kwani nyuzi zake zimeegemeana tu. Mwaka 1948 wataalamu wawili wa Hungaria, Laki na Lorand, walionyesha kwamba damu ina kitu kinachouimarisha. Kitu hicho, kiitwacho kigandishi cha 13, ni kimeng'enya. Kikisaidiwa na madini ya kalisi, hufunga uzi kwa uzi, mfano wa fito za ua zifungwavyo kwa kamba.

Wavu uliokazwa huwa pia ghala. Chembe sahani za damu hutoa vichocheo vya ukuaji, yaani protini ziziamrishazo chembe hai kuongezeka na kuziba pengo. Kwa kugundua vichocheo vya namna hiyo, Stanley Cohen na Rita Levi-Montalcini walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1986. Baadhi yake hunaswa wavuni. Kimoja, TGF-beta, hufungwa na vimeng'enya vya ukoo huo kwenye protini zilizozunguka chembe hai, kikiwa kimelala, mpaka kiamshwe mahali panapohitajika. Kikipungua, jeraha huchelewa kupona. Kikizidi, kovu huvimba, nalo laweza kupita mipaka ya jeraha, kama ionekanavyo kwa baadhi ya watu waliotoga masikio.

Wako watoto wachache mno, takriban 1 katika milioni 2, wazaliwao bila kigandishi cha 13. Ugonjwa huo ulielezwa mara ya kwanza Uswisi mwaka 1960. Dalili yake kubwa ni kitovu cha mtoto mchanga kuvuja damu siku kadhaa baada ya kuzaliwa. Mama aonapo hivyo asingoje kupambazuke. Ampeleke mtoto hospitali, kama ile ya jeshi iliyoko Kanombe, wilayani Kicukiro.

Kwa jeraha la kawaida, yafaa kukumbuka haya. Bana jeraha kwa kitambaa safi mpaka damu ikome. Lioshe kwa maji safi na sabuni. Usipake majivu wala samadi, kwani huleta usaha na pepopunda. Jeraha refu au lenye kina lishonwe na mganga, na chanjo ya pepopunda iulizwe. Mwisho, mzuie mtoto asibandue kigaga: akibanduapo, hubomoa wavu pamoja na ghala lake, na mwili hulazimika kuanza upya.