Wakikata Tumbo Sukari Hushuka: Kweli au Si Kweli?

Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 uliwapima watu wazima wa Kinondoni, Dar es Salaam, na kukuta karibu robo ya wanawake wana unene uliokithiri. Si ajabu basi kwamba habari za puto la tumboni na upasuaji wa kupunguza uzito pale Hospitali ya Mloganzila zimefika saluni za Mwananyamala na vibaraza vya Mbagala zikiwa zimetiwa chumvi.

“Daktari anakata mafuta.” Si kweli. Mafuta hayaguswi. Upasuaji mmoja huondoa takriban robo tatu ya tumbo, pamoja na sehemu ya juu inayotoa kwa wingi ghrelini, homoni ya njaa. Mwingine huacha kijifuko kidogo cha tumbo na kukiunganisha na utumbo mwembamba huko chini.

“Sukari hushuka kabla kilo hazijapungua.” Kweli, tena ndilo jambo linalonivutia kuliko yote. Mwaka 1995 daktari Mmarekani Walter Pories aliandika kwamba wagonjwa wake wa kisukari walikuwa wakipata nafuu siku chache tu baada ya upasuaji. Sababu ya kwanza ni kula kidogo sana: ini hupunguza kumwaga sukari kwenye damu. Ya pili ni njia mpya ya chakula. Kikifika mapema chini ya utumbo, chembe za huko hutoa kwa wingi homoni iitwayo GLP-1, nayo hulihimiza kongosho litoe insulini wakati huohuo wa mlo. Sindano za semaglutidi zinazosemwa sana siku hizi huiga homoni hiyohiyo.

“Puto nalo hufanya hivyo.” Si kwa njia hiyo ya pili. Puto hujaza tumbo kwa miezi kadhaa, kisha hutolewa; njia ya chakula haibadiliki.

“Kongosho lililokufa hufufuka.” Si kweli, na uvumi huu unaweza kuua. Mwenye kisukari aina ya kwanza, ambaye chembe zake za insulini zimeharibiwa na kinga ya mwili, ataendelea kujidunga. Hata kwa aina ya pili, utafiti wa Cleveland, Marekani, uliwafuatilia wagonjwa miaka 5: waliobadilishiwa njia ya chakula na kufikia kipimo cha sukari ya miezi 3 cha asilimia 6 au chini walikuwa takriban 3 kati ya 10.

“Ukishapasuliwa, sukari haikusumbui tena.” Baadhi husumbuliwa kinyume chake: miaka baadaye, saa moja hadi tatu baada ya chai yenye sukari nyingi na maandazi, insulini hutoka kupita kiasi. Jasho, kutetemeka, kizunguzungu. Nyumbani wakadhani ni presha, kumbe sukari imeporomoka.