Kutoka Uwanja wa Ndege hadi Mtaa: Istilahi na Jina katika Uendelezaji wa Stapleton, Denver

1. Utangulizi

Uwanja wa ndege uliofungwa ndani ya jiji ni hazina na mzigo kwa pamoja. Ni ardhi pana, tambarare na yenye mmiliki mmoja. Lakini pia imefunikwa kwa zege, imechafuliwa kwa mafuta na haina barabara zinazoiunganisha na mitaa jirani. Makala haya yanaeleza namna jiji la Denver, nchini Marekani, lilivyogeuza ardhi ya aina hiyo kuwa mtaa wa makazi na shughuli nyingine. Hoja ya msingi ni kwamba maneno ya mpango, likiwamo jina la mtaa wenyewe, huchangia kuamua nani atafaidika na ardhi hiyo. Kwa sababu hiyo, yanastahili uangalifu uleule unaopewa michoro ya wahandisi.

2. Kubomoa kabla ya kujenga

Uwanja huo ulifunguliwa mwaka 1929 na kupewa jina la Stapleton mwaka 1944. Ulifungwa Februari 1995, uwanja mpya ulipoanza kazi mbali zaidi na katikati ya jiji. Ulibaki na takriban ekari 4,700. Mpango wa uendelezaji ulichapishwa mwaka huohuo wa 1995, na wakazi wa kwanza wakahamia mwaka 2002.

Kazi ya awali ilikuwa ya kuondoa. Udongo uliochafuliwa ulisafishwa. Zege la njia za kurukia ndege, linalokadiriwa kuwa tani milioni 6, lilivunjwa na kusagwa ili litumike tena katika ujenzi badala ya kutupwa. Kijito cha Westerly Creek, ambacho kilikuwa kimefukiwa chini ya njia hizo, kilifunuliwa na kurudishiwa kingo zake, na sasa ni sehemu ya bustani za mtaa na ya mfumo wa kupitisha maji ya mvua. Mnara wa kuongozea ndege uliachwa usimame. Mwaka 2016 kituo cha treni kilifunguliwa kwenye reli inayounganisha katikati ya jiji na uwanja mpya.

3. Istilahi tatu

Istilahi ya kwanza ni "matumizi mchanganyiko". Katika miji mingi ya Marekani, sheria za karne ya 20 zilitenga makazi, biashara na viwanda, kila kimoja katika eneo lake. Kuvichanganya tena kulihitaji kibali cha kisheria. Mzungumzaji wa Kiswahili hupata dhana hii ndani ya neno "mtaa": nyumba, duka, fundi cherehani na shule vimo humo bila kuhitaji kivumishi. Mshauri wa sera anayetafsiri istilahi hii bila kueleza historia yake anaweza kuwasilisha kama jambo geni kitu ambacho wananchi wanakiishi tayari.

Ya pili ni "endelevu". Huko Denver neno hili linaweza kukaguliwa pale linapofungwa kwenye jambo mahususi: zege lililotumika tena, kijito kilichofunuliwa, umbali wa kutembea hadi kituo cha treni. Lisipofungwa hivyo, hubaki pambo la hotuba.

Ya tatu ni "nafuu". Mpango wa Stapleton ulilenga asilimia 10 ya nyumba za kuuzwa na asilimia 20 ya nyumba za kupangisha ziwe za gharama nafuu, kwa kuzingatia kipato cha kaya. Katika Kiswahili, "nafuu" ni neno la ulinganisho: kitu ni nafuu kuliko kingine. Nyumba inaweza kuwa nafuu kuliko ya jirani na bado mwalimu asiimudu. Waraka wa sera hauna budi kutaja ni nafuu kwa nani, mwenye kipato gani, na kwa miaka mingapi.

4. Jina lililodumu kuliko zege

Benjamin Stapleton, meya wa zamani wa Denver, alikuwa mwanachama wa Ku Klux Klan katika miaka ya 1920. Uwanja ulipobomolewa, jina lake lilihamia kwenye mtaa mpya. Mwaka 2019 wamiliki wa mali walipiga kura, na wengi wao wakakataa kulibadilisha. Mwaka uliofuata, wakati wa maandamano ya kudai haki kwa Wamarekani Weusi, suala hilo lilirudi, na mtaa ukaitwa Central Park.

Tukio hili linaibua swali la kiistilahi lenye uzito wa kisera: mkazi ni nani? Kura ya wamiliki si lazima iwe kura ya wakazi, kwa kuwa mpangaji naye huishi mtaani na hubeba jina lake katika anwani.

5. Hitimisho

Swali hili halipo mbali na Afrika Mashariki. Rwanda inajenga uwanja mpya wa ndege wilayani Bugesera, ilhali uwanja wa Kanombe umo ndani ya jiji la Kigali. Popote katika kanda hii ambapo ardhi ya uwanja itabadilishiwa matumizi, mambo matatu yafanyike kabla ya kandarasi kutiwa saini: istilahi kuu zifasiliwe kwa vipimo katika lugha wanayoielewa wananchi, "mkazi" atofautishwe na "mmiliki" katika kila kifungu kinachohusu kura au ushauri, na jina la mtaa lijadiliwe hadharani mapema. Denver ilihitaji miaka 25 tangu kufungwa kwa uwanja ili kulifikia jambo hili la mwisho.