Chupa moja ya chanjo, kuku wa mtaa mzima



Safari hii tuongee juu ya kuku wa parseli, wale wanaozunguka jikoni na ambao watoto wamewapa majina. Hapa Goma kuku wa namna hiyo ni minervali ya mtoto, ni pesa ya dawa usiku, ni heshima ya kupokea mgeni. Lakini ni mali inayoweza kuisha kwa siku chache.

Adui yake mkubwa ni ugonjwa wa Newcastle, ambao ndugu zetu wa Tanzania wanauita kideri. Kuku anasinzia, anapumua kwa shida, anaharisha majimaji ya kijani, mabawa yanashuka, wengine shingo inapinda. Kuku wasiochanjwa wanaweza kufa karibu wote. Dawa ya kuuponya hakuna. Zile antibiotiki tunazokimbilia kununua haziui virusi, zinamaliza pesa tu.

Unaingiaje kwetu? Mara nyingi tunaununua sisi wenyewe. Sokoni kuku wa Masisi na wa Rutshuru wanachanganywa ndani ya kitunga kimoja. Mmoja wetu alinunua jogoo siku ya Ijumaa, akamwachia usiku uleule kati ya wengine. Juma la pili halikuisha, akabaki na tembe mmoja, na watoto wanalia.

Chanjo iko. Shida ni kwamba chupa moja ndogo mara nyingi ni ya kuku 100 au zaidi, na ikishafunguliwa haiwekwi mpaka kesho. Mama mwenye kuku 6 akinunua peke yake, anaona ni ghali. Lakini watu 15 wa mtaa mmoja wakichanga, kila mtu anatoa kidogo, na ugonjwa unakosa mlango wa kuingilia.

Tufanye hivi:

- Tuhesabu kuku wa kila parseli, tuchague siku moja, tuite veterineri.
- Chupa isafiri ndani ya termosi yenye barafu, isipigwe jua.
- Tuchanje asubuhi na mapema, kuku wazima tu. Chanjo ya macho ni tone moja kwa jicho moja.
- Kama chanjo ni ya kunywesha, tuwe macho na maji. Kwa sababu ya kolera, maji mengi ya Goma yanatiwa klorini. Ni mazuri kwetu, lakini klorini inaua chanjo. Tuyaache wazi usiku kucha ndani ya chombo safi kisichooshwa kwa sabuni.
- Turudie kila miezi 3 au 4, kama veterineri atakavyosema. Kinga inahitaji karibu majuma 2 ili ishike, kwa hiyo tusingoje mpaka kuku wa jirani waanze kufa.
- Kuku mpya akae peke yake siku 14.
- Aliyekufa asiuzwe, asitupwe barabarani wala ziwani. Tumzike chini sana. Pale ambapo jiwe la volkano linakataa jembe, tumchome.

Kwenye mkutano ujao, kila mtu aje na hesabu ya kuku wake. Tukishajumlisha, tutajua tununue chupa ngapi, na kila mtu atoe franka ngapi. Kuku wa jirani akiwa mzima, wako pia yuko salama.