Unauza Simu ya Zamani? Uza Simu, Usiuze Akaunti

Fungua droo au kabati katika nyumba nyingi hapa Kaloleni, Voi, na huenda ukakuta simu iliyostaafu: mulika mwizi isiyoshika chaji, au simu janja iliyopasuka kioo. Zamani simu kama hiyo ilipewa mtoto achezee, kisha ikaishia jalalani. Siku hizi ina bei. Fundi anaitaka kwa vipuri, muuzaji wa simu zilizotumika anaitaka aitengeneze aiuze tena, na mtu wa skrapu anaipima kwa kilo.

Hilo ni jambo zuri kwa mfuko wako. Lakini simu inapobadilisha mikono, kuna mambo yako mengi yanayoweza kuondoka nayo.

Biashara imebadilika vipi?

Kwanza, simu nyingi sasa hununuliwa kwa mkopo wa kulipa pole pole. Usipolipa, kampuni inaifunga simu kutoka mbali. Kwa hiyo simu inayouzwa mtaani huenda bado ina deni la mtu mwingine.

Pili, sheria imebadilika. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inamtaka anayetengeneza au kuingiza bidhaa nchini awajibike pia bidhaa hiyo inapokuwa taka. Mzigo si wa mnunuzi na kaunti peke yao tena.

Tatu, dunia imeshtuka. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2024 ilionyesha kuwa mwaka 2022 pekee ulizalisha tani milioni 62 za taka za umeme na elektroniki, na ni asilimia 22.3 tu iliyothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Ndani ya taka hizo mna shaba, dhahabu na fedha. Ndiyo maana simu mbovu ina mteja.

Pesa haikai ndani ya simu

Wateja wengi huuliza: simu ikifa, pesa yangu imekufa nayo? Hapana. Pesa iko kwenye akaunti iliyofungwa na namba yako ya simu, na inalindwa na PIN. Weka laini yako kwenye simu nyingine, hata kabambe, na utakuta salio lako palepale.

Sasa geuza upande wa pili. Ukimpa mtu simu na laini ikiwa ndani, umempa namba yako. Kama pia kuna picha ya kitambulisho chako na jumbe za miamala, ana karibu kila anachohitaji ili kujaribu kujifanya wewe. Atajua unatuma kwa nani, unakopa wapi, na mshahara huingia lini.

Kabla hujaiuza, fanya haya

1. Hamisha picha, namba za watu na jumbe za malipo unazohitaji.
2. Toka kwenye programu za pesa na za benki, kisha uzifute.
3. Ondoa akaunti yako ya Google kwenye mipangilio. Usipoiondoa kwanza, simu ikishafutwa itamwomba mnunuzi nenosiri lako, naye atarudi mlangoni kwako.
4. Futa kila kitu, simu irudi ilivyotoka kiwandani.
5. Toa laini na memori kadi. Hakikisha kwa macho yako, usimwachie fundi.

Je, simu haiwaki kabisa? Toa laini na kadi, kisha badilisha PIN yako na manenosiri ukiwa kwenye simu nyingine.

Mnunuzi akilipa, usikabidhi simu kwa sababu ya ujumbe tu. Ujumbe wa uongo ni rahisi kuandika. Angalia salio lako mwenyewe kwanza. Na kama kuna mtu atakayekupigia akiomba PIN ili "kukamilisha malipo", kata simu. Kupokea pesa hakuhitaji PIN.

Ukiwa wewe ndiye mnunuzi

Voi ni njia panda: magari ya Mombasa, Nairobi na Taveta yote hupita hapa. Simu uliyouziwa asubuhi, aliyekuuzia anaweza kuwa mbali kufikia adhuhuri. Usiwe na haraka.

Bonyeza *#06# uone namba ya utambulisho ya simu, na uilinganishe na iliyo kwenye boksi au risiti. Weka laini yako, washa intaneti, zima simu na uiwashe tena. Kama ina mkopo, mara nyingi ilani ya kampuni hujitokeza ikishapata mtandao. Muulize muuzaji risiti ya kwanza. Kumbuka kuwa kupokea mali unayojua ni ya wizi ni kosa la jinai.

Lipa kwa namba ya till ya duka au kwa namba iliyosajiliwa kwa jina la muuzaji, na uhifadhi ujumbe wa muamala. Ukilipa taslimu bila risiti, kesho huna pa kuanzia.

Ikiwa haina kazi tena

Usiitupe jalalani wala kuichoma. Nyaya zikichomwa ili kupata shaba, moshi wake ni sumu kwa aliye karibu, hasa watoto. Betri iliyovimba usiitoboe wala kuichaji. Inaweza kushika moto. Iweke kando, mbali na vitu vinavyoungua.

Nairobi kuna vituo vyenye utaalamu, kama WEEE Centre kilichoanzishwa mwaka 2012, ambavyo huvunja vifaa kwa usalama na kutenganisha plastiki, vyuma na bodi. Lakini Nairobi ni zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa, na nauli inazidi bei ya simu mbovu moja. Njia rahisi ni kukusanya: chama, shule au kundi la nyumba kadhaa liweke boksi moja, na likijaa mchangie nauli ya parseli kwa simu. Lakini kabla simu haijaingia kwenye boksi hilo, toa laini.