Waume Wasiosoma Kanga

Mgeni akikaa pwani yetu wiki mbili, akala biriani ya harusi moja, hurudi kwao akaandika kwamba mke wa Kiswahili hana sauti: mbele ya mume huinamisha uso, mbele ya wakwe humeza maneno. Ni kweli aliyaona hayo. Asiloliona ni kwamba mke huyo alipogeuka kwenda jikoni, mgongoni mwake palikuwa na maneno kwa herufi kubwa, na waliobaki ukumbini walikuwa wakiyasoma.

Kanga ina pindo, ina mji katikati, ina jina, ndiyo hayo maneno. Huuzwa kwa doti, vipande viwili vinavyofanana: kimoja cha kujifunga, kimoja cha kujitanda. Zamani majina yaliandikwa kwa hati za Kiarabu, siku hizi kwa herufi za Kirumi. Na Mombasa liko duka la Kaderdina, lililoanza mwaka 1887, ambalo kanga zake hujulikana kwa maandishi ya "Mali ya Abdulla".

Msidhani majina hayo ni pambo. Mwanamke anayejua kanga hanunui maua. Muuza duka humteremshia doti baada ya doti, naye anasoma tu: "Rangi nzuri, lakini haisemi." Mwenye neno na wifi yake ataizunguka Darajani yote, sokoni Unguja, mpaka alipate. Harusi ikifika, huyo amekuja, kajitanda "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake", na kakaa safu ya mbele.

Wifi kasoma. Afanye nini? Akiuliza, ataambiwa: "Mimi tena, wifi yangu? Nguo nimenunua dukani, jina nimelikuta." Akikasirika, amekiri kuwa limemkaa. Akinyamaza, limempata. Ugomvi umepiganwa ukaisha, hakuna aliyetukanwa, na hakuna shauri la kupeleka kwa kadhi. Nionyesheni mahakama inayofanya kazi kwa bei ya doti moja.

Wanaume ndio wasiojua wanachobeba. Sikukuu ikikaribia, mume mwema huleta doti. Mwenye wake wawili huleta za aina moja, asije akaulizwa. Lakini mume huchagua rangi. Yuko atakayemfungia mama mkwe doti nzuri ya samawati, naye bibi wa watu akaikunjua mbele ya mashoga zake ikasomeka "Japo sipati, tamaa sikati". Kuna na yule anayetoka kuoga akajifunga kanga ya mkewe, akatembea nyumba nzima na mashtaka yake mwenyewe makalioni, huku akiuliza kwa nini watoto wanacheka.

 

Kinachoniuma ni kwamba ugomvi wetu umehamia kwenye simu. Mke akiudhika huandika kwenye stetasi ya WhatsApp, tena kwa jina la mtu, na kabla hajafuta mwenzake keshaipiga picha. Kufika alasiri ukoo mzima unayo, pamoja na shangazi aliyeko Muscat. Kanga ilisomwa na aliyekuwepo tu, kisha ikafuliwa, ikaanikwa, na mambo yakaenda. Ilimwachia kila mtu mlango wa kutokea. Simu inaweka ushahidi, na ndoa haikai vizuri na ushahidi mwingi.

Na walimu wa lugha hii ya kanga wamepungua. Somo, kungwi wake, alimfunda mwari jina lipi la kuvaa mbele ya mume, lipi mbele ya mke mwenza, na lipi asilivae kamwe mbele ya mkwe. Kwenye kichen pati za leo bibi harusi huondoka na sufuria, jiko la gesi na blenda, akaingia kwenye ndoa hajui kusema bila kufungua kinywa.

Basi nawaomba waume: kabla hamjalipa, kunjueni doti msome. Na siku mtakapoona mke amefunga jina jipya nyumbani, msiulize kanga ameinunua shilingi ngapi. Ulizeni mmekosa nini.