Sumaku na Ncha Zake Zisizotengana

Miongoni mwa vitu ambavyo binadamu huvishika mkononi, ilhali siri yake imewashughulisha wataalamu karne baada ya karne, sumaku ina daraja ya pekee. Kwani kipande hicho kisicho na uhai huuvuta msumari kupitia karatasi, ubao na hata maji, wala jicho halioni kitu chochote baina yao.

Si kila madini huutii wito huo. Shaba, fedha, dhahabu na risasi hubaki kimya, na zinazoitika kwa nguvu ni chuma, nikeli, kobalti na baadhi ya michanganyiko yake. Tena nguvu yenyewe haikuenea sawasawa mwilini mwa sumaku: ukiichovya katika unga wa chuma unaodondoka chini ya tupa ya fundi, chembe husongamana kwenye miisho miwili, na katikati pakawa karibu patupu. Miisho hiyo ndiyo ncha. Ukiitundika sumaku kwa uzi mbali na vyuma vingine, ncha moja huelekea kaskazini na ya pili kusini. Nazo zinazofanana husukumana, zisizofanana huvutana.

Mwaka 1269 Petrus Peregrinus, mtu wa Picardy huko Ufaransa, akiwa pamoja na jeshi lililouhusuru mji wa Lucera katika Italia, alimwandikia rafiki yake waraka ambao ndani yake mlikuwamo jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo la ajabu kupita yote: kwamba jiwe la sumaku likikatwa vipande viwili, hupati ncha ya kaskazini huku na ya kusini kule, bali sumaku mbili kamili, kila moja na ncha zake zote mbili. Kata tena, na tena; hali ni ile ile.

Sababu yake ni kwamba kila atomu ya chuma ni sumaku ndogo kwa ajili ya elektroni zake. Katika chuma cha kawaida atomu hizo hukusanyika makundi makundi, kila kundi likielekea upande wake, hata nguvu zao zikabatilishana. Lakini chuma kikisuguliwa kwa sumaku mara nyingi kwa mwendo wa upande mmoja, makundi hayo huelekea mahali pamoja, kama jamaa wanaosimama kuswali wakielekea kibla kimoja. Basi ncha si hazina iliyofichwa mwishoni mwa chuma. Ni pale safu inapokoma, na kila ukatapo unaifanyia safu miisho mipya. Ndiyo maana kipigo cha nyundo huidhoofisha sumaku, na moto ukikifikisha chuma kadiri ya nyuzi 770 za Selsiasi, mpango wote huvurugika. Mwaka 1931 Mwingereza Paul Dirac alionyesha kwa hesabu kwamba sheria za maumbile hazikatai kuwapo kwa ncha pweke, na tangu hapo imetafutwa kwa bidii, lakini haijapatikana kwa ushahidi uliokubaliwa.

Dunia nayo haikuepukana na kanuni hii ya ncha mbili. William Gilbert, tabibu wa London, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1600 kwamba dunia yenyewe ni sumaku kubwa; na maadamu ncha zisizofanana ndizo zivutanazo, hapana budi ile iliyoko kaskazini ya dunia, inayoivuta ncha ya kaskazini ya dira, iwe na tabia ya ncha ya kusini. Baharia James Clark Ross aliifikia mwaka 1831 katika kaskazini ya Kanada, na sindano yake ikasimama karibu wima. Tangu siku hizo ncha hiyo imehama, ikielekea upande wa Siberia, wala haikai mahali pamoja na kaskazini ya kweli. Kwa hiyo katika ramani za bahari, ndani ya duara la dira, nahodha huandikiwa tofauti iliyopo baina ya kaskazini hizo mbili, mwaka ilipopimwa, na kiasi inachobadilika kila mwaka.