Njoroge wa Ngũgĩ: Mtoto aliyelipia shule kwa njaa

MZEE akianza kusimulia vile alivyotembea pekupeku kwenda shule, sisi wa mjini tunajua cha kufanya: "sawa, Baba", macho kwa simu. Hadithi za ushago tumezizoea. Basi jaribu kusoma Weep Not, Child ya Ngũgĩ wa Thiong'o, uone kama utaendelea kuitikia hivyo.

Riwaya hii ilitoka 1964, Ngũgĩ akiwa na miaka 26 tu. Kurasa za mwanzo, Nyokabi anamuuliza mwanawe Njoroge kama angependa kusoma. Mtoto haamini masikio yake. Lakini kuna sharti: wao ni maskini, kwa hivyo asitarajie chakula cha mchana kama wenzake. Anakubali papo hapo. Hakuna kilio wala hotuba, ni mama na mtoto wakiongea, na ndiyo maana inauma.

Tena si ya kubuni tu. Katika kumbukumbu zake za 2010, Dreams in a Time of War, Ngũgĩ alisimulia jinsi mamake mwenyewe, Wanjikũ, alivyompa sharti lilo hilo huko Limuru.

Kuna pahali pengine nilifunga kitabu kidogo. Njoroge sasa ana shati na kaptura, lakini ni za shule tu. Akifika nyumbani anarudia kitambaa chake kikuukuu. Siku moja anamwona Mwihaki, binti wa tajiri Jacobo, akija. Anajitazama, anaona haya, anashika njia nyingine. Halafu anajikasirikia, kwani ni kama amemkana mamake. Nani hajawahi kuficha kitu cha kwao mbele ya mtu anayetaka amwone wa maana?

Ila aliyenikaa moyoni zaidi ni Kamau, kakaye wa mama mwingine. Amepelekwa kwa Nganga ajifunze useremala. Fundi ni mchoyo wa ujuzi, na mkewe anamgeuza kijana wa watu kuwa yaya. Bado Kamau anafurahia mdogo wake kusoma. Boma nyingi Kenya zina Kamau wao, yule mjomba au shangazi aliyeachia masomo njiani ili mwingine asonge, na anayekumbukwa tu wakati wa mchango.

Kisha Hali ya Hatari inaingia, na ndoto inavunjwa vipande. Njoroge anatolewa darasani Siriana, anateswa. Kurasa za mwisho ni nzito kwelikweli, kwa hivyo kama huko sawa siku hizo, zisome na mtu karibu. Usiku huo ni Nyokabi tena anayetoka kumtafuta, ameshika kijinga cha moto amulike njia.

Kitabu ni chembamba, Kiingereza chake chepesi. Foleni ya Thika Road wiki moja hivi inakimaliza.